Siku Kumi na Tisa Mama Hakukaa Nyumbani Kwake

Kwa siku kumi na tisa, mama yangu mzazi hakukaa hata mara moja ndani ya nyumba yake.

Alipika amesimama. Alikunywa chai amesimama. Alipokea wageni amesimama, na wageni nao wakasimama, maana viti vyote alishavitoa nje.

Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na jipu. Akili yake ni timamu kuliko yangu na yako tukizichanganya.

Alikuwa anatii sheria.

Tulia nikupe mkasa wenyewe, na kama una chai mkononi iweke chini kwanza, nisije nikalaumiwa.

Mimi ni fundi seremala. Ndiyo, ni mwanamke, hilo tumalizane nalo mapema. Natengeneza makabati na vitanda, na karakana yangu iko uani, nyuma ya nyumba ninayoishi na mume wangu na watoto.

Baba alipofariki, nyumba waliyokuwa wanaishi na mama ilikuwa ya kazini kwake baba. Ikabidi irudishwe. Mama akawa mtu wa kuzungushwa.

Miezi minne kwa kaka mkubwa. Miezi minne kwa mdogo wetu. Miezi minne kwangu.

Anafika na sanduku lake, analala chumba cha wajukuu, akitaka kusikiliza taarifa ya habari anauliza kwanza kama redio haitamsumbua mtu.

Siku moja nikamkuta jikoni kwangu ameshika birika.

"Samahani mwanangu," akaniambia, "naweza kuchemsha maji kidogo?"

Nilijisikia vibaya, acha kabisa. Huyu ndiye aliyenifundisha kuwasha jiko, leo ananiomba ruhusa ya maji ya moto.

Nikamuuliza, "Mama, niambie ukweli. Unataka nini hasa?"

Hakufikiri hata sekunde.

"Mlango," akasema. "Mlango wangu. Na ufunguo nikae nao mimi."

Sasa pale uani, kati ya karakana na ukuta wa nyuma, palikuwa na nafasi. Usifikirie uwanja. Mita tatu kwa nne. Nilikuwa naweka mabaki ya mbao na baiskeli mbovu ya mume wangu ambayo amekuwa akisema ataitengeneza tangu tuoane.

Nikaiondoa baiskeli. Nikaanza kujenga.

Na kwa kuwa kazi yangu ni makabati, nilijenga nyumba kama mtu anayejenga kabati. Kitanda kinakunjwa kinaingia ukutani. Meza ina bawaba, ukimaliza kula unaishusha inalala ukutani. Chini ya kitanda kuna droo sita. Jiko hapa, beseni hapa, na pale kwenye kona choo na bafu, na mlango wa kuteleza ili usigonge mtu. Madirisha mawili makubwa, maana nyumba ikiwa ndogo lazima ipumue. Paa nikaliinua juu upande mmoja, mtu mrefu asiiname.

Ukisimama katikati unafika kila kitu. Mume wangu alisema humo unaweza kukaanga yai ukiwa kitandani. Tulijaribu, na kweli inawezekana, ila shuka ilibidi ifuliwe.

Na nikisema nyumba ndogo, tuelewane, nasema nyumba ambayo ni ndogo. Mume wangu aliandika kwenye kundi la familia kwamba "mke wangu amenijengea nyumba ndogo uani, karibuni mwone", na mjomba akapiga simu akiwa analia. Hiyo ni hadithi nyingine.

Jumamosi mama akahamia.

Nikampa ufunguo. Akaingia, akafunga mlango kwa ndani, tukasikia komeo.

Sisi tuko nje na sanduku lake. Dakika ya kwanza. Dakika ya tano.

Nikagonga. "Mama?"

"Nani?"

"Ni sisi."

"Sisi kina nani?"

"Mama, tuna sanduku lako."

"Subirini hapo. Nazoea."

Tulisimama pale mume wangu na mimi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu. Akasema, "Karibuni nyumbani kwangu." Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu anasoma hapa, atanisamehe.

Jumatano, saa nne asubuhi, akaja Bwana Futi.

Jina hilo tulimpa sisi. Ni afisa wa manispaa anayekagua majengo. Kijana mrefu, mwembamba, mpole, viatu vimepauka kwa kutembea, na kiunoni kaning'iniza futi kubwa la chuma. Alikuwa anapita mtaani akaona paa jipya juu ya ukuta.

"Shikamoo mama," akamwambia mama.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Akapima. Akapima tena. Akaandika. Akakuna kichwa na kalamu.

"Dada," akaniambia, "hii ni mita za mraba kumi na mbili."

"Najua, nimeijenga mimi."

"Sheria ndogo ya manispaa inasema nyumba isipungue kumi na nane."

"Kwa hiyo unataka ikue?"

"Ndiyo, dada."

"Ikue kwa kula nini?"

Alicheka kidogo, halafu akakumbuka yuko kazini, akaacha.

Nafasi ya kuongeza haikuwepo. Upande huu karakana, upande huu ukuta wa jirani. Akaangalia, akaona mwenyewe. Lakini kazi ni kazi. Akatoa karatasi ya njano, akaibandika mlangoni kwa mama, taratibu, akailainisha na kiganja isikunjamane.

Iliandikwa kwa herufi kubwa: HAIRUHUSIWI KUKAA NDANI YA JENGO HILI.

Akatueleza. Kamati ya majengo inakutana baada ya siku kumi na tisa. Yeye atakuwa anapita kukagua bila taarifa. Ikifika siku ya kamati na imethibitika kuna mtu anakaa humu, amri ya kubomoa itasainiwa hapo hapo.

Nikakaa kwenye tofali.

Unaelewa maana yake? Ikibomolewa, mama anarudi kwenye mzunguko. Na zamu iliyokuwa inafuata ni ya kaka mkubwa, ambaye nampenda, ni ndugu yangu, lakini kwake taa za sebuleni zinazimwa saa mbili usiku na kila mtu anaenda chumbani.

Mama yeye alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, kavaa miwani, anasoma ile karatasi. Anasoma midomo ikicheza.

Halafu akaingia ndani.

Tukaona kiti kinatoka. Kiti cha pili kikatoka. Kigoda kikatoka. Akavipanga uani vizuri, akajifuta mikono.

"Mama, unafanya nini?"

"Imesema hairuhusiwi kukaa," akasema. "Sitakaa."

Bwana Futi akasogea karibu.

"Mama, kukaa maana yake ni kuishi."

"Hapa imeandikwa kuishi?"

"Imeandikwa kukaa."

"Basi usiniongezee maneno, mwanangu. Mimi nafuata yaliyoandikwa."

Nilidhani ni utani wa siku moja. Humjui mama yangu.

Ikawa ndiyo hivyo. Akitaka kukaa, anatoka uani kwenye kiti chake, anakaa kama malkia, anasuka vitambaa. Akiingia ndani, anasimama. Chakula alikuwa anakula amesimama mbele ya ile meza ya bawaba kama mtu aliye kwenye kioski. Jirani alikuja kumsalimia, wakapiga soga saa nzima wamesimama, akatoka anachechemea.

Mimi nilikuwa nacheka na kuumia kwa pamoja. Miguu yake si ya msichana tena. Nilimwekea mkeka mnene pale sakafuni, akaukubali, akasema mkeka haukutajwa.

Bwana Futi alirudi Ijumaa. Akagonga hodi, akaingia, akamkuta anapiga pasi.

Akatoa fomu yake. "Mama, nina swali la kujaza hapa. Je, kuna mtu anayekaa ndani ya jengo?"

"Wewe umeniona nimekaa?"

"Hapana."

"Andika ulichokiona."

Sasa huyu kijana, mimi nilikuja kumgundua, ana ugonjwa mmoja. Hawezi kuandika uongo. Alihangaika pale, kalamu juu, kalamu chini, mwisho akaandika: "Alikuta amesimama."

Mama akachungulia. "Hapo umeandika 'alikuta'. Umeacha herufi moja. Alikutwa."

Akarekebisha.

Hapo nikuambie kitu kuhusu mama. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa, tena wa manispaa hiyo hiyo. Miaka na miaka vidole vyake viko juu ya mashine, anachapa barua, mihtasari, matangazo. Ukimletea kadi ya mwaliko anatafuta kosa kwanza, ndipo anauliza harusi ni lini.

Kwa hiyo mimi nikajiambia, hapa tuna mtu wa ndani. Nikamfuata.

"Mama, wewe umefanya kazi kule. Mafaili yote unayajua. Twende tukaombe kuiona sheria yenyewe, labda kuna upenyo."

Uso ukambadilika.

"Achana na mafaili," akasema.

"Lakini mama..."

"Nimesema achana nayo. Niache nisimame, miguu ni yangu."

Sikumwelewa. Mtu anayependa karatasi kuliko chumvi, leo hataki karatasi. Nikarudi kwenye randa yangu.

Bwana Futi akaendelea kuja. Wiki ya pili alikuja mara tatu.

Mara ya kwanza alikuja asubuhi na mapema, nadhani alitaka kumwahi kabla hajasimama. Akamkuta kitandani.

"Mama," akasema kutokea mlangoni, kageukia pembeni kwa heshima, "sasa hapa nimekukuta."

"Umenikuta nimelala."

"Kulala ndiyo kukaa, mama."

"Ngoja nikuulize. Jana ulilala wapi?"

"Kwa dada yangu. Mvua ilinikamata."

"Na unakaa wapi?"

"Nakaa kule karibu na..." Akasita.

"Umeona? Hata wewe umevitenganisha."

Nilikuwa karakana, nimeshika msumeno, nikasikia kijana wa watu anacheka peke yake uani kwa sauti. Akaandika: "Alikutwa amelala."

Mara ya pili ilikuwa mchana wa jua kali. Mama akampa maji, halafu chai, akanywa amesimama. Akaegemea ukuta.

"Usiegemee," mama akamwambia, "mtu akipita dirishani atadhani unakaa, tuingie wote matatani."

Akajinyoosha wima kama askari wa gwaride.

Mara ya tatu hakutoa hata fomu kwa nusu saa ya kwanza. Nilipita nikawakuta wamesimama katikati ya nyumba, vikombe mkononi, mama anamsimulia jinsi ofisi ilivyokuwa zamani na yeye anamweleza mama kwamba kutwa nzima anatembea, na kila nyumba anayoingia watu wanamwona kama jini. Kwamba hapa ndiyo mahali pekee anapokaribishwa chai.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mimi nakukaribisha na bado unataka kunibomolea."

Akainamisha kichwa. "Mama, sheria si yangu."

Akaijaza fomu, akaondoka polepole.

Kaka mkubwa naye akapiga simu.

"Nasikia mama anasimamishwa kama mwanafunzi mtoro. Mnatutia aibu. Mfungashie sanduku, nakuja kumchukua."

"Muulize mwenyewe."

Nikampa mama simu. Akaisikiliza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, kwako ni pazuri, na mke wako ananitunza. Lakini kwako mimi ni mgeni ambaye haondoki. Hapa nimesimama, ila nimesimama kwangu."

Akakata. Kaka hakupiga tena wiki hiyo. Baadaye alinitumia ujumbe akaniuliza kamati ni saa ngapi, anataka kuja.

Siku ya kumi na tisa ikafika. Jumapili na sikukuu zilishapita, visingizio vyote vimeisha. Tukaenda manispaa asubuhi, mama katikati, mimi huku, kaka kule.

Ukumbi una meza ndefu, feni inayolia, na jagi la maji ambalo hakuna anayeligusa. Wajumbe watano. Mwenyekiti ni mama wa makamo, miwani kaifunga mnyororo shingoni, mtu wa maneno machache.

Bwana Futi akasimama kusoma taarifa.

"Jengo lilitembelewa mara saba. Mara sita mhusika alikutwa amesimama. Mara moja alikutwa amelala. Hakuna siku aliyokutwa amekaa."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akajifanya anaokota kalamu chini ya meza, mabega yakawa yanatingishika.

Mwenyekiti akamtazama mama. "Mama yetu, karibu ukae."

"Asante. Humu ni mita za mraba ngapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mwenyekiti akacheka, akavua miwani akafuta macho. Mama akakaa kwa adabu. Mimi nikapumua, nikasema moyoni tumeshinda hii.

Hatukuwa tumeshinda.

Mwenyekiti akavaa miwani tena, na sauti ikawa ya kazi. "Tumecheka, na tulihitaji kucheka. Lakini kila mtu humu anajua kukaa ni kuishi. Mama anaishi pale. Jengo ni mita kumi na mbili. Mikono yangu imefungwa."

Akaivuta karatasi ya amri. Akafungua kalamu.

Nikawaza ile meza ya bawaba. Nikawaza tingatinga linaingia uani. Kaka akanishika bega, na nikajua naye ameumia.

Mama akasimama.

"Kabla hujasaini," akasema, "naomba kifungu kisomwe. Si karatasi ya njano. Kifungu chenyewe kama kilivyosainiwa."

"Nakala hatuna hapa, mama."

"Ipo masijala. Faili la kijani, rafu ya pili kutoka chini, mkono wa kushoto."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akamtuma Bwana Futi akalilete.

Tukasubiri. Mama akanishika mkono chini ya meza, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Mtu aliyemtania mwenyekiti dakika tano zilizopita sasa anatetemeka. Nikadhani ni hofu ya kubomolewa.

Bwana Futi akarudi na faili lenye vumbi, pini imeshika kutu. Akalifungua mezani. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akabaki pale kidogo. Akainua macho akatutazama upande wetu. Halafu akarudi ukurasa wa juu, akasoma.

"Kifungu cha tisa. Hairuhusiwi watu kukaa ndani ya nyumba yenye ukubwa wa chini ya mita za mraba kumi na nane."

"Rudia neno la pili," mama akasema.

"Watu."

"Mheshimiwa mwenyekiti," mama akasema, "mimi ni wangapi?"

Wajumbe wakageukiana.

Halafu kikaumana. Mjumbe mmoja alikuwa mwalimu zamani, akainuka kama aliyeitwa ubaoni. "Mtu, watu. Umoja, wingi. Kifungu kimesema wingi."

"Usituletee darasa hapa," mwingine akamjibu. "Watu ni binadamu kwa jumla."

"Basi wangeandika binadamu."

"Na akipata mgeni? Si watakuwa wawili?"

"Mgeni hakai, anatembelea."

"Akikaa kwenye kiti?"

"Viti viko nje," kaka yangu akadakia, na mwenyekiti akamwambia anyamaze au atoke.

Wakabishana vile mpaka mwenyekiti akagonga meza. Akamgeukia Bwana Futi.

"Kijana, kuna chochote kingine humo cha kutuonyesha walikusudia nini?"

Bwana Futi alikuwa ameshalifunga faili, kaweka mkono juu yake.

"Mheshimiwa, kilichosainiwa na kupigwa muhuri ni hiki nilichosoma."

Mwenyekiti akafikiri. Akafunika kalamu yake.

"Basi sheria ni iliyosainiwa. Mama, utakaa pale peke yako. Siku mkiwa wawili, nitakuja mwenyewe."

Sikumbuki nilitokaje ukumbini. Nakumbuka kaka yangu, mtu mzima na kitambi chake, anaruka ruka kwenye ngazi za manispaa, na mama anamwambia atavunjika kiuno.

Nyumbani mama alibandua karatasi ya njano mwenyewe. Akaingiza viti viwili. Akaniita ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akaniambia nikae.

"Nataka nikuambie jambo, na usinikatize."

"Sikukatizi."

"Lile neno nililikosea mimi."

Nikamwangalia.

"Sheria ile niliichapa mimi. Mwandiko wa mkubwa wangu ulisema 'hairuhusiwi mtu kukaa'. Mtu. Mimi nikachapa 'watu'."

Mwanamke anayetafuta makosa kwenye kadi za harusi.

"Nilirudi kutoka likizo nikakuta imeshasainiwa na kupigwa muhuri, na ule mwandiko umebanwa nyuma yake kwenye faili. Niliogopa kufukuzwa. Nikanyamaza. Miaka yote mpaka nastaafu nilikuwa nikipita pale kwenye rafu nageuza shingo. Ndiyo maana sikutaka mafaili yafunguliwe. Nilikuwa radhi nisimame mpaka miguu ikatike. Lakini alipofungua kalamu, nikaona hapana, bora waujue ujinga wangu kuliko nirudi kuwa mgeni."

"Lakini mama, hawakuuona ule mwandiko."

"Yule kijana aliuona. Alifunua ukurasa wa pili, akausoma. Nilimwona. Akanitazama. Akalifunga faili."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikajikuta nafanya vyote.

Kisha nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanikera. "Mama, wewe hukosei. Siku ile ilikuwaje?"

Akacheka. Akacheka kweli, akajipiga paja.

"Uchungu ulinishika nikiwa kifungu cha nane," akasema. "Nikasema nimalize ukurasa kwanza. Cha tisa nilikichapa nimeuma meno. Nikavuta karatasi, nikaiacha mezani kwa mkubwa, nikakimbizwa hospitali. Saa moja baadaye ukazaliwa wewe."

Sasa ndugu msomaji, mkasa umeishia hapo, na najua kuna mtu atauliza kama siogopi kuyaandika haya. Siogopi. Sheria ile imeshafutwa na mpya imepita. Siku hizi nyumba ya mtu mmoja inaruhusiwa kuanzia mita za mraba kumi, mradi iwe na choo, dirisha la kutosha na mlango unaofunguka vizuri moto ukitokea. Pendekezo liliandikwa na Bwana Futi. Mama alilipitia kabla halijapelekwa, na akalisoma mara nne.

Nilimuuliza yule kijana siku moja amekuja kunywa chai, amekaa safari hii, kwenye faili aliona nini.

"Dada," akanijibu, "siku zile zote za kusimama, macho yalikuwa yamechoka."

Sikumuuliza tena.

Ukitaka nilichojifunza ni hiki. Kama mna mzazi mnayempokezana, msijisifu kwamba mnamtunza, muulizeni kama ana mahali pa kufunga mlango. Inaweza kuwa chumba, inaweza kuwa kona, si lazima liwe jumba. Na ukibandikiwa karatasi mlangoni usikimbilie kulia wala kutukana, mpe afisa chai halafu muombe kifungu chenyewe mkisome pamoja.

Mengine yote ni bahati. Ningechelewa kuzaliwa kwa siku moja tu, kile kifungu kingechapwa sawasawa, na mama yangu leo asingekuwa na kwake.